Otomatiki imeshinda saa, lakini klachi isizikwe

UBISHI wa kibanda umiza hauishi na dakika 90. Watu wakishachoka kugombania penalti ya utata, mada hugeuka. Mmoja atatoa simu yake, aonyeshe picha ya kigari cha Toyota GR Yaris, na papo hapo kijiwe kinagawanyika pande mbili kama Kariakoo siku ya dabi.

“Gari kama hili ni manyuo tu, kaka. Oto ni ya kupelekea watoto shule,” atasema mmoja.

“Umelala wewe. Oto ya siku hizi inakuacha kwenye mataa hata ungekuwa na miguu mitatu,” atajibu mwenzake.

Kila mmoja ana hoja, na kila mmoja anakosea mahali. Na ubishi wenyewe si wa kijiweni tu. Kwa zaidi ya miaka 10 sasa kampuni kubwa za magari zimekuwa zikijibu swali hilo hilo kwa namna tofauti: gari dogo la michezo, lile lenye injini ndogo na hasira kubwa, liwe na gia za mkono na klachi, au liwe la otomatiki? Wapo walioiondoa klachi moja kwa moja, wapo walioing’ang’ania, na wapo walioiondoa kisha wakabadili mawazo.

Kwa ukanda huu swali hilo lina uzito wake. Afrika Mashariki ndiyo nyumbani kwa Safari Rally, mashindano yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, miaka minne kabla ya fainali za kwanza za Mataifa ya Afrika kuchezwa kule Sudan. Huu ni mchezo wa hapa, si wa kuazima. Na mchezo wowote unaishi kwa wachezaji wanaokuja, si kwa sifa za waliopita.

SAA HAIDANGANYI

Kwanza ukweli usemwe. Kwenye saa, mkono umeshapigwa.

Kubadili gia kwa mkono ni kazi ya hatua kadhaa. Dereva anaachia mafuta, anakanyaga klachi, anasogeza fimbo ya gia, kisha anaachia klachi huku akirudisha mafuta. Hata awe fundi kiasi gani, kuna kipande cha sekunde ambacho injini haisukumi gari. Kipande hicho kikijirudia kila gia, kutoka kusimama hadi kilomita 100 kwa saa, linakuwa pengo linaloonekana kwa macho.

Otomatiki ya klachi mbili imeliziba pengo hilo. Ndani yake gia zimegawanywa mafungu mawili: klachi moja inashika gia ya kwanza, ya tatu na ya tano, nyingine inashika ya pili, ya nne na ya sita. Gari likiwa bado gia ya pili, ya tatu imeshapangwa inasubiri. Ni sawa na kocha ambaye mchezaji wake wa akiba ameshapasha misuli na amesimama pembeni ya mwamuzi wa mezani. Ubao ukinyanyuliwa tu, anaingia. Hakuna kumsubiri mtu afunge kamba za viatu.

Volkswagen ndio waliotangulia kuiweka teknolojia hiyo kwenye gari la kuuzwa dukani, Golf R32, mwaka 2003. Tangu hapo imesambaa kwa watengenezaji wengi, na ulaji wa mafuta uliokuwa unasemwa vibaya kwenye otomatiki za zamani za gia tatu au nne si hoja tena kama ilivyokuwa.

Kwenye mbio zenyewe habari ilianza mapema zaidi. Mwaka 1989 Ferrari walikwenda Brazil na gari lao aina ya 640, lenye vibao vidogo vya kubadilishia gia nyuma ya usukani badala ya fimbo. Wengi hawakuamini kama lingefika mwisho wa mbio. Nigel Mansell akashinda. Miaka michache baadaye timu kubwa za Formula 1 zote zilikuwa zimefuata njia hiyo.

Kwa hiyo shabiki anayesema manyuo ina kasi zaidi kwa sababu ndiyo ya wanaume, huyo anasimulia zama za babu yake. Akitaka kuitetea klachi atafute hoja nyingine. Zipo, na ni nzito.

OTOMATIKI SI MOJA

Yule wa upande wa pili naye asikimbilie kwenye kibendera kushangilia. Neno “oto” linabeba vitu vitatu tofauti, na huko ndiko watu wengi wanakopigwa chenga wakati wa kununua gari.

Ipo hiyo ya klachi mbili. Ipo ile ya siku nyingi, ambayo injini na giaboksi vinaunganishwa na chombo chenye mafuta ndani yake, kisha gia halisi zinajipanga zenyewe. Halafu ipo CVT, ambayo haina gia kabisa. Ndani yake kuna mkanda wa chuma unaozunguka kati ya puli mbili zinazojipanua na kujibana kulingana na mwendo.

CVT haina ubaya kwenye foleni ya Ubungo. Inateleza bila kushtua abiria, na inajitahidi kwa mafuta. Lakini iweke kwenye gari dogo la michezo uone. Dereva anakanyaga mafuta, injini inapaza sauti moja ndefu, na mwendo unakuja baadaye kwa hisani yake. Ni kama mtangazaji wa redio anayepiga kelele za goli wakati mpira bado uko katikati ya uwanja.

Mfano mzuri ni Suzuki Swift Sport. Ile iliyotoka mwaka 2005 ilikuwa na gia tano za mkono, au otomatiki ya gia nne. Ya mwaka 2011 ikaja na gia sita za mkono, au CVT. Ya mwaka 2017, yenye injini ya turbo ya lita 1.4, ikabaki na gia sita za mkono, lakini upande wa otomatiki CVT ikapigwa benchi na kurudishwa otomatiki yenye gia sita halisi. Kwa matoleo matatu ya gari hilo hilo, otomatiki ilibadilishwa kila mara kama makocha wa timu inayoshuka daraja. Gia za mkono hazikuondoka uwanjani hata mara moja.

Kuna jambo lingine kwenye gari hilo. Kule Japani, Swift Sport ya mwaka 2017 yenye gia za mkono ilikuwa na uzito wa kilo 970, na ya otomatiki kilo 990. Kilo 20 si kitu kwenye lori, ila kwenye gari ambalo halifiki tani moja, kila kilo inahesabiwa, hasa ikiwa imekaa mbele, juu ya magurudumu yanayopinda kona.

Hili linamhusu hata shabiki asiye na mpango wa kushindana. Magari madogo mengi ya ukanda huu yanakuja kutoka Japani yakiwa yametumika. Toyota Vitz RS ya lita 1.5, kwa mfano, iliuzwa kule kwa gia za mkono na kwa otomatiki. Muuzaji atasema “ni oto, bosi, haina shida”, na mnunuzi anaridhika. Swali la kuuliza ni oto ipi. Mafuta ya giaboksi ya CVT si yale ya otomatiki ya kawaida, na fundi akiyachanganya, gari linaweza kuanza kugoma mapema na gharama yake ikazidi furaha yote iliyopatikana. Gia za mkono zina ugonjwa wao pia, sahani ya klachi huisha na hubadilishwa, lakini huo ni ugonjwa ambao mafundi wengi wa mtaani wanaujua.

NANI ANAPULIZA FILIMBI?

Sasa hoja yenyewe. Gari dogo la michezo halinunuliwi kwa ajili ya saa. Anayetaka kasi tupu kuna pikipiki kubwa zitakazoiacha GR Yaris kama imeegeshwa. Na kwenye makazi ya watu, ambako mwisho ni kilomita 50 kwa saa, gari la injini ya lita 1.4 na la lita 4 yanalingana mbele ya askari wa usalama barabarani.

Kinachonunuliwa ni kazi. Kusoma kona kabla ya kuifikia, kuchagua gia ya kuingilia na ya kutokea, kusikia injini ikiomba gia nyingine na kuipa kwa wakati. Shabiki wa mpira anaielewa raha hiyo bila kufundishwa. Hakuna anayelipa kiingilio kwenda kuangalia mashine ikipiga penalti 100 zikaingia zote 100. Watu wanakwenda kumuona kiungo aliyezungukwa na watu watatu akiamua kwa nusu sekunde, akijua kabisa kwamba anaweza kukosea.

Ndiyo maana mchezo wa magari wenyewe, pamoja na mapenzi yake yote kwa teknolojia, umewahi kusimama mara kadhaa na kusema hapa basi. Mwaka 1993 timu ya Williams ya Formula 1 ilijaribu gari lenye CVT. Kanuni za mwaka uliofuata zikaifungia mlango kabla haijashindana hata mbio moja. Baadaye zikaja giaboksi zilizojipandishia gia zenyewe kwa kompyuta. Kuanzia msimu wa 2004 zikapigwa marufuku. Vibao nyuma ya usukani vilibaki, kasi ilibaki, lakini gia ikawa haiingii mpaka dereva aamue.

Huo ndio mpaka ambao kijiwe kinausahau. Ubishi haupaswi kuwa mkono dhidi ya kidole. Swali ni nani anaamua. Kwenye soka ni vile vile. Kombe la Dunia la Qatar 2022 lilitumia teknolojia ya nusu otomatiki kupima mstari wa kuotea, tena kwa haraka kuliko jicho la binadamu, lakini uamuzi wa mwisho ulibaki kwa mwamuzi. Mashine ilisaidia, haikupewa filimbi.

Kwa kipimo hicho, otomatiki ya klachi mbili inayomtii dereva anapobonyeza ni mchezo halali. Otomatiki inayopandisha gia katikati ya kona kwa sababu kompyuta imeona inafaa, imemnyang’anya mchezaji mpira miguuni.

WALIOIONDOA NA WALIOIBAKISHA

Viwanda vimetoa majibu matatu, na kila moja lina somo.

Renault walikuwa wafalme wa magari madogo ya michezo. Clio yao ya michezo ilipendwa kwa miaka mingi ikiwa na gia za mkono. Toleo la mwaka 2013 likaja na otomatiki ya klachi mbili peke yake. Hakuna klachi ya mguu, hakuna kuchagua. Wapenzi wake wengi walilalamika, na wakati huo huo Ford walikuwa wameingiza sokoni Fiesta ST ya gia za mkono, ikasifiwa kila kona. Renault wenyewe ni kama walisikia, maana Mégane RS ilipotoka kwenye toleo jipya mwaka 2018, mnunuzi alipewa zote mbili achague.

Volkswagen wameenda njia nyingine. Golf GTI ilianza kuuzwa mwaka 1976 ikiwa na gia nne za mkono, na kichwa cha fimbo ya gia chenye umbo la mpira wa gofu kikawa alama yake. Toleo lililofanyiwa marekebisho mwaka 2024 halina tena gia za mkono. Gari ni zuri, lina kasi kuliko mababu zake wote, ila jambo moja ambalo kila shabiki wa GTI alilitambua kwa kiganja cha mkono limekwenda.

Jibu la tatu ni la Toyota, na ndilo la kuigwa. GR Yaris ilipotoka mwaka 2020, ikiwa na injini ya silinda tatu ya lita 1.6 yenye turbo na nguvu inayokwenda magurudumu yote manne, ilikuwa na gia sita za mkono tu. Mwaka 2024 wakaongeza otomatiki ya gia nane, waliyoijaribu kwanza kwenye mashindano ya ndani ya Japani. Gia za mkono hawakuzigusa. Anayetaka klachi anayo, asiyeitaka, au asiyeweza kuitumia, naye amefunguliwa mlango.

Hapo ndipo kosa la wenzao linapoonekana. Kuleta otomatiki si kosa. Kosa ni kumwondolea mtu chaguo.

Asije mtu akasema klachi imekufa kwa sababu hakuna anayeitaka. Hyundai walipotengeneza gari la umeme la michezo, Ioniq 5 N, gari ambalo kwa asili yake halihitaji gia za kupandisha na kushusha, waliliwekea programu inayoigiza gia nane pamoja na sauti zake. Wahandisi wamehangaika kurudisha kwa kuigiza kile ambacho wengine wanakitupa kikiwa kizima.

FIMBO ILIYORUDI NAIVASHA

Kwa Afrika Mashariki hoja haishii kwenye raha. Inafika kwenye ajira na medali.

Mwaka 2022 mashindano ya dunia ya rally yalibadili kanuni za magari ya daraja la juu. Vibao vya nyuma ya usukani vikaondolewa, gia zikapunguzwa kutoka sita hadi tano, na fimbo ya kubadilishia gia ikarudi mkononi mwa dereva. Lengo kubwa lilikuwa kupunguza gharama, lakini matokeo yake kazi ilirudi kwa mtu. Soka liliwahi kufanya kitu kama hicho mwaka 1992, kipa alipokatazwa kudaka pasi anayorudishiwa na mwenzake kwa mguu. Makipa walilalamika, kisha wakajifunza kucheza mpira, na leo kipa asiyejua kutumia miguu hana namba kwenye timu kubwa.

Mwaka huo huo, kwenye vumbi laini la Naivasha, Kalle Rovanperä wa Finland alishinda Safari Rally akiwa na miaka 21, na Toyota GR Yaris zikashika nafasi nne za kwanza. Kabla mwaka haujaisha akawa bingwa wa dunia wa rally mwenye umri mdogo kuliko wote, miaka 22 na siku moja. Kijana huyo hakuokotwa barabarani. Akiwa na miaka minane alikuwa tayari anaonekana kwenye video akiendesha Toyota Starlet ya zamani yenye gia za mkono, gari la aina ambayo Dar es Salaam na Nairobi watu wameiona ikibeba mchele na mikungu ya ndizi.

Ukanda huu nao una historia yake na magari madogo. Mwaka 1993 Subaru walileta kwenye Safari vigari vya Vivio, vyenye injini isiyofika hata sentimita za ujazo 700, ndogo kuliko ya pikipiki nyingi kubwa. Mmoja wa madereva alikuwa Colin McRae, ambaye miaka miwili baadaye alikuwa bingwa wa dunia. Gari lake halikufika mwisho. Aliyemaliza, na kushinda daraja lake, alikuwa Mkenya Patrick Njiru. Kwa injini dogo kiasi hicho hakuna nguvu ya kufunika makosa. Gia ikikosewa kwenye tope au kwenye mlima, gari limekwisha.

Ngazi ya rally leo imepangwa kuanzia Rally5 hadi Rally1, na vigari vyake vya ngazi za chini, kama Renault Clio ya Rally5, Peugeot 208 ya Rally4 na Ford Fiesta ya Rally3, vyote vina fimbo ya gia na kanyagio la klachi. Kwenye mashindano ya kitaifa ya ukanda huu bado zimejaa Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer za gia za mkono. Ni kweli fimbo ya rally haifanani na ya Vitz. Inasukumwa mbele na kuvutwa nyuma tu, na klachi hutumika zaidi wakati wa kuondoka. Lakini msingi ni ule ule: jicho linasoma njia, sikio linasikiliza injini, mkono unaamua mapema.

Sasa nani anamfundisha kijana msingi huo? Japani tangu mwaka 1991 kuna leseni ya kuendesha otomatiki peke yake, na Uingereza aliyefanya mtihani kwa otomatiki haruhusiwi kuendesha gari la klachi. Huku kwetu wengi bado wanajifunzia klachi shuleni, wanapata leseni, kisha hawaigusi tena maisha yao yote kwa sababu gari la nyumbani ni oto, la ofisini ni oto, na la kukodi ni oto. Ni sawa na mtoto aliyefundishwa kupiga danadana wiki mbili, halafu mpira ukafungiwa kabatini. Akifika miaka 20 na kupata bahati ya kukaa kwenye gari la mashindano, anaanza kujifunza kile ambacho mwenzake wa Finland alikizoea akiwa darasa la pili.

DHARAU ZIACHWE

Upande wa klachi nao una la kujirekebisha. Tabia ya kumcheka dereva wa otomatiki ni ya kijinga, tena inaudhuru mchezo.

Mtu anayetoka Mbagala alfajiri na kurudi usiku kwenye foleni haombewi ruhusa na yeyote kupumzisha goti lake la kushoto. Mtu aliyepoteza mguu, au mwenye mkono usio na nguvu, kwa otomatiki anaweza kuendesha gari la michezo na hata kushindana. Huo ni ushindi kwa mchezo, si aibu. Mama anayejua kuishusha otomatiki gia ya chini kwenye mteremko wa Kitonga, badala ya kuchoma breki mpaka chini, ni dereva bora kuliko kijana wa manyuo anayeteremka na gia ikiwa imetolewa ili “kuokoa mafuta”. Klachi peke yake haimfanyi mtu kuwa dereva, kama viatu vya bei mbaya visivyomfanya mtu kuwa mshambuliaji.

Lakini heshima kwa otomatiki isiwe kisingizio cha kuizika klachi. Vyama vya mchezo wa magari vya nchi hizi vinaweza kufanya jambo dogo lenye faida kubwa: kuwa na siku za wazi za vijana, kwenye uwanja uliofungwa, kwa vigari vya bei nafuu vya gia za mkono, badala ya kumsubiri mtoto wa tajiri aje na gari lake. Soka haikupata vipaji kwa kusubiri wenye viatu. Ilivipata kwenye chandimu. Kitendo cha kuweka Starlet mbili au tatu, kofia ngumu na mwalimu mmoja kinaweza kumuibua mtu ambaye kwa sasa anaujua mchezo huu kwa kuusikia tu.

Shule za udereva nazo zisiione klachi kama kikwazo cha kupitishia mtihani. Mwanafunzi afundishwe kwa nini gia inashuka kabla ya kona na si ndani yake, kwa nini injini hushika gari mlimani, na sauti ipi inadai gia ipi. Maarifa hayo atayatumia hata akiishia kuendesha otomatiki, maana otomatiki nyingi zina nafasi ya kuchagua gia ambayo madereva wengi hawajawahi kuigusa.

Na mnunuzi mwenye uwezo wa kununua gari dogo la michezo akumbuke kwamba fedha yake ni kura. Kiwanda hakisomi maoni ya kijiweni, kinasoma mauzo. Anayetetea klachi mdomoni kisha akaagiza oto, amejifunga mwenyewe na asimlaumu kipa.

Saa imeshatoa uamuzi wake na hakuna rufaa: otomatiki ina kasi zaidi. Acha iendelee kushinda kwenye mataa. Lakini Naivasha kila mwaka bado kuna fimbo inayovutwa kwa mkono, na kiti kilicho nyuma ya usukani wake kinamsubiri mtu wa hapa aliyejifunza mapema. Akifika siku hiyo hajui klachi, kosa halitakuwa lake peke yake.